Mumbai hadi Chennai ni Masaa Mawili

Tangu nirudi, walimu wenzangu na akina mama wa kwaya wananisimamisha kila mahali, hata kwenye bomba la maji, wananiuliza ilikuwaje. Nimeeleza mpaka nimeanza kuruka vipande, na sasa kila mtu ana safari yangu anayoisimulia kwa namna yake. Mmoja amesikia kwamba nilikamatwa na unga. Mwingine amesikia kwamba nilitaka kwenda kwa gari mahali ambapo ndege zenyewe zinachoka. Yote mawili yana ukweli ndani yake, kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nisahihishe madaftari.

Kwa asiyejua: Donatien ni mdogo wangu, fundi wa umeme kiwandani. Kilango kimoja cha moyo wake kilikuwa hakifungi vizuri, akapelekwa Chennai, kule India, pamoja na mke wake Clémence. Upasuaji ulipangwa Alhamisi, saa moja asubuhi. Wiki tatu kabla ya siku hiyo Clémence alinipigia simu akasema mume wake hataki kuingia chumba cha upasuaji kabla hajaniona mimi.

Mimi na Donatien tulikuwa hatujazungumza kwa miaka minne. Mama yetu alipofariki hapa Likasi, mimi nilikuwa Kolwezi. Nilipanda gari asubuhi ileile, njiani lori likalala katikati ya barabara, nikampigia simu Donatien nikamwambia anisubiri. Nilipofika nyumbani nilikuta watu wananawa mikono getini, wametoka makaburini. Sikumwona mama. Tangu siku hiyo nyumba ya Donatien niliizunguka kama shimo, na yeye ni jirani yangu hapahapa mtaani Kikula.

Kwetu, mkubwa akiwa na kinyongo na mdogo wake, mdogo haendi kwenye hatari akiwa nacho. Mkubwa anasema yote yaliyomo moyoni, kwa sauti, kisha anatia maji mdomoni na kumpulizia mdogo kifuani. Hapo imekwisha. Haifanyiki kwa simu wala kwa barua. Padri wetu anajua mambo haya na ananyamaza, nami namshukuru kwa kunyamaza.

Habari za viza na tiketi naziacha. Mtu anayetaka kuzijua aje nyumbani na chakula.

Likasi hadi Lubumbashi

Niliondoka Jumanne alfajiri. Kwenye begi nilikuwa na nguo chache, karanga, na kilo tano za unga wa mahindi, kwa sababu Clémence alisema Donatien analilia bukari, ugali wetu, kama mtoto. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa ya nusu lita niliyoijaza kwenye bomba la uani kwa marehemu mama, maji ya kumpulizia Donatien. Nyumba ile sasa ina wapangaji, nikabisha, nikawaomba maji, wakaniangalia tu.

Dereva aliniambia masaa mawili. Hapa kwetu hakuna anayeuliza kilomita. Ukiuliza Kapolowe ni mbali kiasi gani, utajibiwa kwa saa, na saa zenyewe ni za siku njema, barabara ikiwa wazi, malori ya shaba yakiwa yamelala. Siku ile hayakulala. Tulikaa Kapolowe nyuma ya msururu wa malori mpaka akina mama wakaja dirishani na mahindi ya kuchoma, nikala mawili, na dereva akala matatu.

"Mama mwalimu, hapana kuogopa," akaniambia. "Tunafika. Masaa mawili."

Alikuwa amekwisha kuendesha masaa matatu. Nilicheka, lakini namba ile ilinichoma mahali, na sababu yake mtaiona mbele.

Lubumbashi hadi Addis Ababa

Nilifika uwanja wa ndege nikikimbia. Kwenye ukaguzi, kijana wa kazi akatoa ile chupa na kusema haipiti. Nikamweleza kwamba ni maji ya mama yangu. Akaniambia kwa upole kwamba hata maji ya Askofu hayapiti, ama niyanywe hapo ama niyamwage. Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Kumwaga nisingeweza. Nikasimama pembeni nikanywa nusu lita nzima bila kupumzika, tumbo likajaa kama ngoma, nikapita.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, nami nina miaka hamsini na mbili. Niliogopa, nasema wazi. Nilishika rozari mkono mmoja, na mkono mwingine nilishika kiti cha mbele mpaka mwenye kiti akageuka kuniangalia. Halafu yale maji ya mama yakaanza kazi yake, nikashughulika na kutafuta choo, na hofu ikapungua. Masaa manne baadaye tulikuwa Addis Ababa, mahali penye baridi na watu wengi wanaotembea haraka.

Addis Ababa hadi Mumbai

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipozaliwa. Kwenye kiti cha jirani alikaa mfanyabiashara wa Bukavu anayejua njia hizi. Alinieleza habari za chakula nikiwa nimeshachelewa, maana wahudumu walikuwa wakiuliza kitu kimoja tu, na mimi nilikuwa nikijibu ndiyo. Kumbe walitaka kujua kama mimi sili nyama. Kwa ndiyo zangu nililetewa dengu zenye pilipili iliyonitoa machozi.

Yule baba wa Bukavu akaniambia nirekebishe saa yangu ya mkono: Mumbai iko mbele ya Likasi kwa masaa matatu na nusu. Nikasogeza mshale masaa matatu. Nusu niliiacha. Niliona ni yake ya kukisia, kama mtu anayesema kilo mbili na kitu. Mimi ninayefundisha darasa la tano najua kwamba ikiwa saa nne Kinshasa, Lubumbashi ni saa tano. Saa zinahama nzima. Nchi yenye nusu sikuwahi kuifundisha wala kuisikia.

Mumbai, mahali nilipobaki

Tulitua asubuhi. Ndege ya Chennai ilikuwa ya saa tano. Nilikuwa na muda, kama si ule unga.

Ofisa wa forodha aliufungua mfuko, akachukua unga kidogo kwa vidole viwili, akaunusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Wakamleta mbwa. Mbwa alinusa akapiga chafya, akalala chini. Nikaonyesha kwa mikono jinsi ninavyosonga: sufuria, maji, mwiko, tonge, mdomo. Mama mmoja wa kazi akacheka, akaniiga vizuri kunishinda, kisha akawaambia wenzake maneno fulani, wakanifungia begi. Saa nzima ilikwisha hapo.

Nilipofika upande wa ndege za ndani, saa yangu ilisema saa nne na dakika kumi. Nikashukuru Mungu, nikanunua chai ya maziwa yenye tangawizi, nikainywa taratibu. Chai ile ilikuwa nzuri. Nikaongeza ya pili. Nilipofika mlango wa ndege, saa yangu inasema saa tano kasoro dakika ishirini, nilikuta viti vitupu na dada mmoja anazima taa ya meza. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi.

Nilisimama pale nikahesabu ile nusu kwa vidole, kama mwanafunzi wangu mzembe.

Ndege zote za siku ile zilikuwa zimejaa, watu wanakwenda makwao kwa sikukuu. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kesho, ya kwanza, inayotua Chennai saa mbili kasoro asubuhi. Donatien angekuwa amekwisha kuingizwa kwenye upasuaji tangu saa moja.

Nikatoka nje kwenye teksi. Msinicheke sasa, mcheke baadaye. Clémence aliniambia kwamba Mumbai hadi Chennai ni masaa mawili, na kichwani mwangu masaa mawili ni Likasi na Lubumbashi. Nikajisemea, ndege imeniacha, basi nakodi gari, hata malori yakinizuia nitafika jioni. Nikamwambia dereva wa kwanza: Chennai. Akadhani ni jina la hoteli. Nikarudia. Akawaita wenzake, wakaja sita, wakaniangalia kwa huruma.

Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anamsubiri binti yake akaniuliza ghafla, kwa Kiswahili safi, kama nimepotea. Karibu nimkumbatie. Anaitwa mzee Jayant, alizaliwa Tanga, akahamia Mumbai akiwa kijana. Nikamweleza kwamba nataka gari la Chennai, ni masaa mawili tu.

"Masaa mawili ni angani, mama," akasema. "Hiyo ni zaidi ya kilomita elfu moja ndege ikinyoosha. Kwa barabara ni elfu moja na mia tatu. Ukiondoka sasa hivi utafika kesho mchana, dereva asipolala."

Elfu moja. Likasi hadi Lubumbashi ni mia moja na ishirini. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba umbali ni kasi mara muda, na watoto wananakili. Hata Kinshasa kutoka kwetu ni kama masaa mawili na nusu kwa ndege, na hakuna mwenye akili anayesema atakwenda kwa teksi. Lakini hofu ilikuwa imeshika usukani.

Nikakaa juu ya begi, nikalia. Mzee Jayant hakuniambia ninyamaze. Alifungua kopo la chakula alichomletea binti yake, chapati nyembamba zenye majani ndani na achari ya embe, akanipa. Nami nikampa karanga. Binti yake alipotoka alitukuta tunakula, akauliza mimi ni nani, baba yake akamjibu kwamba ni mtu wa nyumbani.

Nilimpigia Clémence kwa simu ya mzee, nikamweleza. Akasema atamwambia mume wake. Nikamwomba amwambie aingie tu, asinisubiri.

Na hapa niandike jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, wala padri. Siku ya mazishi ya mama, nilipompigia Donatien simu kutoka barabarani, nilisema nimebakiza masaa mawili. Haikuwa kweli. Lori lilikuwa limelala, hakuna mashine ya kulivuta, foleni haina mwisho, na watu walikuwa wamekwisha kutandika pagne zao za kitenge chini wakae. Nilijua ni nusu siku. Nilisema masaa mawili kwa sababu niliogopa kwamba nikisema ukweli watamzika. Miaka minne nilimbebesha mdogo wangu kosa la kutonisubiri, na masaa niliyompa yalikuwa ya uongo. Pale kwenye begi la unga, baada ya kuambiwa urefu halisi wa njia yangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mumbai hadi Chennai

Nilibaki uwanjani hadi kesho yake, mtoto wa watu, na saa yangu nimeirekebisha kwa nusu yake. Ndege iliondoka kabla ya jua. Masaa mawili kasoro, kama walivyosema. Niliyahesabu dakika kwa dakika. Walileta mkate na kitu cha njano ambacho sikukigusa.

Saa moja ilipofika tulikuwa bado angani. Chini kulikuwa na milima mikavu na vijiji vidogo, kisha mashamba ya kijani. Nikasema moyoni, sasa wanamwingiza. Nilitafuta mate mdomoni, sikuyapata.

Chennai

Joto la Chennai linakupokea mlangoni kama mvuke wa sufuria. Dereva wa teksi aliongea njia nzima, nami nikamjibu kwa Kiswahili njia nzima, na hatukugombana. Nilifika hospitali saa tatu kasoro, nikapanda ngazi na unga wangu kwa sababu lifti ilikuwa imejaa.

Clémence alikuwa amesimama kwenye korido. Sikuweza kuusoma uso wake. Akafungua mlango wa chumba.

Donatien alikuwa amekaa kitandani, amevaa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni, miguu inaning'inia. Amekonda. Clémence akaniambia kwamba saa moja walikuja na kitanda cha magurudumu na Donatien akakataa kulala juu yake. Walimweleza, akakataa. Daktari mwenyewe akaja, Donatien akamwonyesha vidole viwili: masaa mawili. Basi wakamtanguliza mgonjwa mwingine mwenye kazi fupi.

Nilianza kusema kile nilichotoka nacho Likasi, maneno niliyoyapanga miaka minne, ya mama, ya mikono inayonawa getini. Hayakutoka. Nikamwambia ule uongo wa masaa mawili, wote, jinsi ulivyokuwa.

"Nilijua haiko masaa mawili," nikasema. "Nilisema vile juu musimuzike mama bila miye. Na bado nilikukasirikia weye."

Akaniita kwa lile jina letu la dada mkubwa. Akasema, polepole, kwa sababu pumzi zilikuwa chache:

"Yaya, ile siku nilikungoya. Ulisema masaa mawili, nikangoya masaa mawili. Nikaongeza ingine mawili juu yake. Padri alikuwa na mazishi ingine, mvua inakuya, batu banasimama na jeneza. Haukuniuliza. Njo vile sikukuambia."

Miaka minne sikumwuliza. Alinisubiri mara mbili ya nilivyomwomba, na mimi nilipita nyuma ya nyumba yake kila Jumapili ili nisimsalimu.

Nikageuka kutafuta maji. Nesi, dada mmoja mwembamba, akanizuia kwa mkono. Kifua kimekwisha kuoshwa kwa dawa, hakiguswi, na mgonjwa haruhusiwi hata tone. Nikamwonyesha mdomo wangu na kifua cha Donatien. Akatikisa kichwa. Donatien akanyoosha mkono, akafungua kiganja.

Basi nilifanya kwa mate, kama wanavyofanya walio mbali na kisima. Nilisema kwa sauti kwamba sina kitu naye tena, mama asikie, nikampulizia kiganjani. Yale maji ya mama niliyanywa Lubumbashi, kwa hiyo nahesabu kwamba yalikuwemo. Nesi alikuwa anaangalia dirisha muda wote. Donatien akafunga ngumi, akalala juu ya kitanda cha magurudumu, wakamsukuma akiwa ameifunga.

Masaa matano tulikaa kwenye viti vya plastiki. Mimi na Clémence tulisali rozari mara tatu, kisha tukachoka tukaanza kuzungumza habari za mapazia. Daktari alipotoka alionyesha dole gumba, na hilo halihitaji mkalimani. Yule nesi akaja nyuma yake, akaniita pembeni, akafunga ngumi yake na kuifungua kidole kimoja kimoja, kunionyesha jinsi walivyohangaika kuufungua ule mkono hata baada ya dawa ya usingizi. Nililia tena, na safari hii sikuona aibu.

Siku ya nne aliruhusiwa chakula. Nilisonga bukari kwenye jiko la nyumba ya wageni, jirani wa Bangladesh akaja kuangalia. Donatien alikula matonge mawili akasema haina chumvi. Bukari haiwekwi chumvi popote duniani, ndipo nikajua amepona.

Likasi

Mimi nilirudi kwanza, kwa sababu ya shule. Njia ilikuwa ileile, na Mumbai nilinywa chai moja tu, nimesimama mlangoni pa ndege. Donatien na Clémence walirudi mwezi uliopita.

Watu wananiuliza, basi Mumbai na Chennai ni mbali? Nawajibu kwa kilomita, na wanaona nimeanza kujidai. Darasani pia nimebadilisha swali langu la zamani. Siku hizi naandika muda ubaoni kisha nawaambia watoto waniulize kwanza: kwa gari, kwa ndege, au kwa miguu?

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimpigia Donatien simu nikamwambia natoka nyumbani sasa hivi, dakika kumi na mbili kwa miguu. Nilibeba sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kitambaa. Njia ile nilikuwa sijaipita miaka minne, na kuna watu wamejenga ukuta mpya pale kwenye kona. Niliamkiana na mama muuza mkaa, nikamwambia nitamweleza nikirudi, maana nimeshatoa muda.

Donatien alikuwa amesimama getini kwake, saa ameishika mkononi. Aliiangalia, akaniangalia, akacheka mpaka akajishika kifua.

"Kumi na moya," akasema.